Herufi Z iliyonikosesha leseni ya kuongoza ndege Singida

Wakuu, nawasalimu wote. Walionizidi umri humu ndani, kama mpo, shikamooni.

Mimi ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili kwa miaka mingi. Sijawahi kuanzisha uzi. Leo naanzisha kwa sababu nimekasirika, na nimeona nikikaa kimya tena nitakufa na kitu kifuani.

Juzi kwenye uzi wa mambo ya anga, mkuu mmoja kaandika kwamba waongoza ndege wa mikoani enzi za Ujamaa walikuwa "watu wa kufukuza ng'ombe na kupunga bendera, shule hawana." Akapata likes kibao. Wengine wakaongezea vichekesho.

Ng'ombe nimefukuza, sikatai. Bendera nimepunga. Lakini shule nilikuwa nayo, na aliyeniondoa kwenye ile kazi hakuniondoa kwa kukosa shule.

Nitasema nilichokiona, na nilichosimuliwa nitasema nimesimuliwa. Majina nimebadilisha. Cheo cha mtu mmoja nitakificha kwa sababu ana wajukuu, na wajukuu hawana kosa. Nitamwita Mkubwa.

Twende taratibu.

Mimi ni Mnyiramba, kwetu Iguguno. Nilimaliza form four miaka ile ambayo form four alikuwa anapewa kazi hata kabla hajaiomba. Nikachaguliwa kwenda Dar kusomea kuongoza ndege. Nyumbani hakuna aliyeelewa. Mama alidhani nitakuwa rubani, akalia siku mbili.

Mafunzo yalikuwa mwaka mmoja. Wanaodhani ni kazi ya kuangalia juu na kusema "tua", ngoja niwaambie.

Darasani sakafu ilichorwa uwanja kwa chaki. Njia ya kurukia, maegesho, upande wa upepo, kila kitu. Nusu ya darasa tulikuwa ndege. Unashika kindege cha mbao, unatembea mwendo uliopangiwa, na husimami, kwa sababu ndege haisimami hewani. Mmoja anakaa kitini ameelekea ukutani, mgongo kwetu, haoni kitu, anatuongoza sote kwa sauti na vikaratasi vyake tu. Mkigongana mabega, mwongozaji amefeli na siku hiyo hali chakula kwa raha.

Mimi niligonganisha watu wiki tatu za kwanza. Wiki ya nne nikaanza kuwaona bila kugeuka. Sijui niwaelezeje, ila wenye kazi hii wananielewa.

Mambo mawili walitukaririsha mpaka tukawa tunayaota.

La kwanza, readback. Ukimwambia rubani neno, lazima alirudie neno hilo hilo. Asipolirudia, wewe hesabu kwamba hajasikia. Usiseme "nilimwambia." Kuambiwa bila kurudia haikuwa kuambiwa.

La pili, saa. Ukutani kulikuwa na saa mbili. Moja ya Tanzania, nyingine ya GMT, siku hizi mnaita UTC. Ndege inavuka nchi, kila nchi ina saa yake, kwa hiyo angani wanatumia saa moja tu dunia nzima, hiyo ya GMT. Ili mtu asichanganye, mwishoni mwa namba unaweka herufi Z.

Sasa sisi Waswahili tuna saa yetu ya tatu. Mfano, saa tatu asubuhi yetu, saa ya mkononi inasoma tisa, na kwenye karatasi ya ndege tunaandika 0600Z. Wakati ni ule ule mmoja, una namba tatu. Hapo wengi darasani walianguka. Mimi nilipata alama nzuri kuliko wote kwenye somo hilo, na nawaomba mlikumbuke hilo mnaposoma mbele.

Nikapangiwa Singida.

Kwenye karatasi ya uhamisho pameandikwa "uwanja wa ndege." Nilipofika nikakuta njia ya changarawe, soksi ya kuonyesha upepo iliyoshonwa kwa kitambaa cha amerikani, na kibanda cha bati chenye redio, meza, viti viwili na saa mbili ukutani. Mnara hakuna. Mbali kidogo unaona maji ya ziwa yanang'aa na ndege wale wenye miguu mirefu wakiruka kwa makundi, na hao nao walikuwa sehemu ya kazi, maana wakija upande wetu lazima umwambie rubani.

Mwenyeji wangu alikuwa Mzee Kitundu, Mnyaturu, mtu wa redio tangu enzi za mkoloni. Mpole, msafi, kofia haimtoki. Alibakiza mwaka mmoja astaafu.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kijana akitoka shule anafanya kazi miezi sita chini ya mkongwe. Kila siku mkongwe anasaini kwenye kitabu chako. Miezi sita ikitimia anakuja mtahini kutoka Dar, anakaa na wewe, ukifaulu unapewa leseni. Bila leseni wewe si mwongoza ndege, ni mtu aliyekaa karibu na redio.

Siku ya mkasa huu mimi nilikuwa nimetimiza miezi mitano na siku kadhaa.

Asubuhi naingia, shikamoo Mzee Kitundu, marahaba. Natembea njia yote kwa miguu kutafuta mashimo na vichuguu vipya. Narudi, naita Dodoma kwenye redio, nachukua taarifa za siku. Ndege ikitarajiwa, tunapiga kipande cha reli kilichotundikwa mtini, wachungaji wanatoa mifugo. Watu wa pale walikuwa waelewa sana. Kwa miezi mitano sikuwahi kupata tatizo na mchungaji hata mmoja.

Tatizo lilikuja na gari ya serikali.

Mkubwa alikuwa mgeni wilayani. Alikuja kututembelea saa nne asubuhi, na watu wake wanne. Akasalimiwa, akazunguka, akatazama ukutani.

"Saa yenu mbovu hii," akasema. "Inasoma saba."

Nikamwambia, "Si mbovu, ndugu. Hiyo ni ya GMT. Ni saa ya Greenwich."

"Greenwich iko wilaya gani?"

Wakuu, nilikuwa kijana. Nikajibu swali kama lilivyoulizwa. "Iko Uingereza, ndugu."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Nchi ina uhuru wake, uwanja wa Singida unakwenda kwa saa ya Malkia."

Wakacheka. Mimi nikadhani ni utani, nikacheka pia. Haukuwa utani.

Akachukua kitabu cha kumbukumbu akakifungua. Kiingereza na namba tupu. Akauliza kwa nini hakuna Kiswahili. Nikaeleza mambo ya rubani, mambo ya dunia nzima, nikaeleza na Z. Nilieleza vizuri, nilikuwa nimefaulu somo hilo.

"Kijana," akasema, "umekaa Dar mwaka mmoja tu na tayari una kasumba?"

Enzi zile neno kasumba halikuwa neno la kuchezea. Ukishabandikwa hilo, hata ukikohoa umekohoa kikoloni.

Akatoa amri papo hapo. Saa ya GMT ishushwe. Karatasi zote zinazoingia kwenye wilaya yake zitumie saa za Kiswahili. Na kuanzia siku hiyo taarifa za ndege tusiwe tunaziandika sisi kwa ajili ya mbao za matangazo. Tupeleke ofisini kwake karatasi yenyewe kama ilivyotoka redioni, ofisi itaitangaza. Alikuwa anashuku tunaficha habari.

Kabla ya hapo kazi hiyo nilikuwa naifanya mimi. Karatasi inasema 0600Z, mimi naandika kwa Kiswahili safi "ndege itafika kesho saa tatu asubuhi," napeleka. Hakuna aliyewahi kukosea.

Niligeuka kumwangalia Mzee Kitundu anitetee. Alikuwa ameshapanda kwenye kiti, anaishusha saa.

Baada ya gari kuondoka akaifunga kwenye taulo akaiweka kwenye droo, akawa anaitia ufunguo kila asubuhi. Akaniambia, "Sisi tutafanya kazi yetu kimya kimya. Wakubwa wanapita." Nilimwona ni mtu mwenye busara sana siku ile. Leo nina neno jingine, lakini tuendelee.

Wiki kama tatu zikapita salama kwa sababu ndege zilikuwa chache na zilizokuja zilikuwa za wakubwa wenyewe, wanajua saa zao.

Halafu ikaja ndege ya Mwanaidi.

Mwanaidi alikuwa mke wa Hamisi, mwenye duka pale mjini. Baba yake Hamisi alikuja Singida kutoka pwani na biashara ya nguo, akaoa hapo hapo, wakawa wenyeji. Mimi nilikuwa nanunua mafuta ya taa kwao. Mwanaidi ndiye aliyekuwa ananipimia, mcheshi, ananiita "bwana ndege." Ujauzito wake ulikuwa wa kwanza, ukaja na matatizo. Daktari akasema hapa hatuwezi, apelekwe kwa ndege kwenye hospitali kubwa, barabara itamuua.

Ndege ikaombwa. Saa saba mchana Dodoma wakaniita kwenye redio. Ndege ndogo, rubani na muuguzi, itafika Singida kesho 0600Z kuchukua mgonjwa. Niliandika, nikarudia, wakathibitisha. Hapo readback ilifanyika vizuri kabisa.

Nikapanda baiskeli na ile karatasi mpaka ofisini kwa Mkubwa. Karani wake, nimwite Elia, alikuwa amekwenda kula. Nilikuwa na miadi ya redio saa nane kamili. Nikaiweka karatasi mezani kwake chini ya chupa ya wino, nikarudi mbio.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nalisema mwenyewe kabla hamjanisemea. Sikumsubiri. Mtu niliyefundishwa mwaka mzima kwamba neno lisiporudiwa halijasikika, niliacha neno chini ya chupa ya wino. Angenisomea mara moja tu ningelisikia kosa.

Elia karudi, kakuta karatasi. 0600Z.

Yeye ameambiwa na bosi wake kwamba karatasi zote sasa ni saa za Kiswahili. Basi 06 ni saa sita. Na ile Z?

Wakuu, mnajua sisi wa bara na ile dh. Dhahabu kwetu ni zahabu, dhambi ni zambi. Elia alikuwa hivyo hivyo kwa mdomo na kwa kalamu. Kwake adhuhuri ilikuwa azuhuri, na kwa mkato zuhuri. Saa sita, Z. Saa sita zuhuri. Hata mimi ningekuwa yeye ningeona imekaa sawa.

Hayo aliniambia mwenyewe baadaye, amesimama mbele yangu anakunja kunja mikono. "Z si zuhuri, ndugu yangu?" Simlaumu Elia, sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Aliyeondoa mtu anayejua na kumweka asiyejua ndiye ninayemlaumu.

Tangazo likaandikwa: ndege ya mgonjwa, kesho saa sita mchana. Mkubwa akasaini. Hospitali wakaambiwa saa sita. Hamisi akaambiwa saa sita.

Na kwa kuwa ndege ni saa sita, Mkubwa akaona uwanja uko wazi asubuhi nzima. Kesho hiyo alikuwa na gwaride la mgambo na kukabidhi trekta kwa kijiji kimoja cha ujamaa. Eneo tambarare la kutosha ni lipi? Ni kwetu.

Saa mbili na nusu asubuhi nikaona watu wanaingia. Mgambo kama mia, na fimbo zao begani. Nyuma trekta jipya, jekundu, limefungwa matawi. Dereva akaliweka katikati ya njia, mkingamo, lionekane vizuri. Akazima, akaenda zake kunywa chai.

Nilimfuata kamanda wao. Nikamwambia ndege ya mgonjwa inafika saa tatu.

Akatoa karatasi mfukoni. "Saa sita. Hii hapa saini."

"Hiyo imekosewa, ndugu kamanda. Karatasi niliandika mimi."

"Wewe na aliyesaini nimsikilize nani?"

Sikuwa na simu. Mzee Kitundu amekaa mlangoni mwa kibanda, anasema tumsubiri Mkubwa mwenyewe aje, ataelewa.

Saa tatu kasoro dakika kumi na mbili redio ikaita. Rubani. Sauti ya kijana wa Kitanzania, wachache sana walikuwapo enzi hizo, na siku nyingine ningefurahi kuisikia. Akasema yuko dakika kumi na mbili kutoka kwangu, anaomba hali ya uwanja.

Nikamwambia uwanja umezibwa, kuna watu na trekta, asubiri nijitahidi. Akarudia neno kwa neno. Halafu akauliza, "Trekta?"

Nikapiga ile reli kama mwendawazimu. Mgambo wakasikia kengele, wakadhani gwaride linaanza, wakajipanga mistari vizuri zaidi, pale pale juu ya njia.

Gari la Mkubwa likaingia saa tatu kamili na ndege ikaonekana saa tatu kamili.

Nilikimbia mpaka garini. Nikasema, "Ndugu Mkubwa, ile ni ndege ya mgonjwa. Tunaomba uwanja uachwe, na trekta litolewe."

Akatazama juu. "Ya mgonjwa ni saa sita. Hiyo ni nyingine."

"Ndiyo yenyewe. Nimeongea naye sasa hivi."

"Basi mwambie asubiri gwaride liishe."

"Hawezi, ndugu. Mafuta yake ni ya hesabu."

"Mwambie ni maagizo."

Sijawahi kumpiga mtu mzima maishani mwangu. Siku ile nilikaribia.

Nikaacha kubishana naye, nikaenda kutafuta dereva wa trekta. Nikampata, tukakimbia naye. Trekta likagoma kuwaka. Limefika jana tu kutoka stesheni, jipya kabisa, likagoma. Nikawaomba mgambo walisukume. Wakamwangalia kamanda, kamanda akamwangalia Mkubwa, Mkubwa alikuwa anasalimiana na wazee.

Ndege ikazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Rubani akashuka chini sana kuangalia kama anaweza kutua kwenye kipande kilichobaki.

Na watu wakapiga makofi.

Walidhani ni sehemu ya sherehe. Kina mama wakapiga vigelegele. Mkubwa akapunga mkono juu. Wakuu, mnanisoma? Alimpungia mkono.

Nilirudi redioni. Rubani akaniuliza swali moja tu, kama kipande cha mashariki kinatosha kutua. Nilikuwa nimekipima kwa miguu yangu kila asubuhi miezi mitano. Hakitoshi. Akitua pale atawafyeka watu.

Nikasema, "Usitue. Narudia, usitue."

Akarudia. Akaniuliza mgonjwa anaendeleaje, nikasema sijui, hajaletwa. Akasema mafuta yanamruhusu kufika Dodoma tu na hawezi kukaa zaidi. Saa tatu na dakika kumi na tisa akaondoka. Hotuba ikaanza.

Trekta liliwaka wakati wa hotuba.

Niliwaita Dodoma mfululizo. Wakajibu ndege ile ina mgonjwa mwingine upande wa Tabora, itawezekana kesho mchana.

Saa tano na nusu Land Rover ya hospitali ikafika. Uwanja mweupe kabisa, hakuna hata mbuzi, matawi tu chini. Mwanaidi amelala nyuma kwenye godoro, mama mkwe wake kamshika kichwa. Hamisi akashuka anatabasamu, amewahi kwa nusu saa.

Ilibidi nimwambie mimi. Mzee Kitundu alikuwa ameenda kuangalia soksi ya upepo.

Daktari akasema kesho ni mbali, twende kwa barabara. Wakaondoka kuelekea Dodoma. Walifika kijiji cha Mkiwa, mwili wa Mwanaidi ukakataa kuendelea. Akajifungua pale kwenye chumba cha watu, kando ya barabara. Mtoto wa kiume, hakulia. Mama aliponea chupuchupu.

Haya ya Mkiwa nimesimuliwa. Ya uwanjani niliyaona.

EDIT: Kuna mkuu kauliza kwa nini sikuenda kuangalia ubao wa matangazo jioni ile nilipopeleka karatasi. Mkuu, ofisi ilikuwa inafungwa saa tisa na nusu, mimi nilikuwa kwenye redio mpaka jioni, na uwanja uko nje ya mji. Lakini umeuliza swali ambalo nimejiuliza mimi mwenyewe tangu siku ile, kwa hiyo sikukasirikii.

Baada ya wiki mbili kikaitishwa kikao. Watu watatu mezani, wote wa pale pale wilayani, hakuna hata mmoja wa mambo ya ndege. Mkubwa hakuwa mshtakiwa. Mkubwa alikuwa shahidi.

Akasema kuna kijana mwenye kasumba, alipewa maagizo ya saa za Kiswahili akayachukia, akafanya hujuma ili kuonyesha maagizo hayafai.

Hujuma. Neno hilo lilikuwa linapeleka watu ndani.

Nikatoa nakala yangu ya kaboni. Nikasema, tazameni wazee, niliandika 0600Z, ndege imefika 0600Z, sikukosea hata dakika.

Mwenyekiti akavaa miwani. Akasoma. "Sifuri sita. Saa sita."

"Hapana, mzee. Hiyo ni saa tatu."

"Kijana, hapa pana sita."

"Ndiyo sita, mzee, lakini maana yake ni tatu."

Wakatazamana. Nikajisikia na mimi ninavyosikika. Nikaomba penseli nichore saa zote tatu. Wakaninyima.

"Wewe mwenyewe umeandika sita," mwenyekiti akasema, "ofisi ikatangaza sita. Ndege imekuja tatu. Kosa la ofisi ni lipi?"

Ushahidi wangu wa pekee ukawa ndio ushahidi wao.

Nikaomba aitwe Mzee Kitundu. Yeye alikuwa na miaka mingi kwenye redio kuliko umri wangu. Aseme neno moja tu, kwamba Z si zuhuri.

Akasimama, kofia mkononi. Akaulizwa kama anafahamu habari za ile karatasi. Akasema, "Sifahamu. Iliandikwa na kijana."

Alikuwa na mwaka mmoja kabla ya pensheni. Watu wananiambia nimwelewe. Nimemwelewa. Sijamsamehe, na ameshafariki, na bado sijamsamehe.

Hawakunifunga. Waliandika barua Dar kwamba mwenendo wangu haufai. Mtahini hakuja. Kitabu changu chenye saini za miezi mitano na nusu kilichukuliwa sikukiona tena. Nikapangiwa kuwa karani wa ghala la mazao, nikahesabu magunia mpaka nilipostaafu. Mkubwa alipandishwa cheo akahamishwa mkoa. Tangazo lenye saini yake lilibanduliwa ubaoni jioni ya siku ile ile ya gwaride, nami sikuwa na akili ya kulibandua mapema.

Mjini ikaenea kwamba mimi ndiye niliyeifukuza ndege. Mtu aliyekuwa karibu na kibanda alisikia nikisema "usitue." Duka la Hamisi nikaacha kwenda.

Ulipita kama mwaka hivi. Niko likizo nyumbani Iguguno, mchana, nachambua alizeti na mama. Hamisi akaja. Hakukaa.

Akasema, "Nimekuja uniambie wewe mwenyewe. Ni kweli ulimwambia asitue?"

Nikasema ni kweli. Nikamwomba anisikilize mpaka mwisho kisha afanye atakalo. Nikaingia ndani, nikatoa ile nakala ya kaboni, maana walinirudishia kama kitu kisicho na maana.

Akaisoma. Mtu wa duka, kusoma anajua. "Mbona hapa ni saa sita?"

Safari hii nilikuwa na muda, na hakuna wa kuninyima penseli. Nikamchorea saa zote tatu chini kwenye vumbi kwa kijiti. Ya angani, ya mkononi, ya kwetu. Nikasogeza mishale pamoja. Nikamweleza Z. Nikamweleza zuhuri. Niliona inamwingia polepole. Nilifurahi, wakuu, sitawadanganya. Mtu wa kwanza kunielewa tangu siku ile.

Akachuchumaa, akaweka kidole kwenye ile saa ya kwetu. "Kwa hiyo ndege yake ilikuwa hii ya saa tatu. Iliyopita juu ya nyumba."

"Ndiyo hiyo."

Mama yangu akaacha kuchambua.

"Aliisikia," Hamisi akasema. "Alikuwa kitandani nyumbani, tunasubiri gari la hospitali. Akaniambia, mume wangu, ndege yangu hiyo, twende. Akataka kushuka mwenyewe. Nikamwambia tulia, yako ni ya saa sita. Ikazunguka tena, akaniambia tena. Nikamkaripia."

Halafu akaniuliza, "Nikirudi nimwambie?"

Kuna maswali shule ile haikutufundisha.

Aliondoka, na mpaka leo sijui kama alimwambia. Nilikuwa nimetafuta mwaka mzima mtu wa kunielewa, nikampata, na nilichompa ni hicho.

Basi nyie mnaosema tulikuwa wafukuza ng'ombe, semeni. Ila mkipewa siku moja mamlaka juu ya kazi msiyoijua, muulizeni anayeijua, hata kama ni kijana, hata kama anaongea kama Mzungu. Na mkimwambia mtu jambo la uhai wa mtu, msiondoke mpaka alirudie kwa mdomo wake. Mimi niliondoka.

Uzi uko wazi. Mliofanya kazi viwanja vidogo vya mikoani miaka ile, karibuni mseme yenu. Mnaotaka kunilaumu pia karibuni, nitajibu kila mtu, macho yanaruhusu mpaka jioni. Na kama kuna yeyote humu wa ile familia ya duka la Singida, siombi msamaha hadharani. Naomba tu mniambie kama bibi yenu alikuja kujua.